MANENO NA MAANA YAKE: Huzuni ya Waingereza Ina Majina Mengi



Juma lililopita nilipokea barua ya msomaji mmoja ambaye ni karani, na swali lake limenishughulisha mpaka leo. Aeleza kwamba akiwa na huzuni husema kwa Kiswahili, "Nina huzuni," na watu wote humwelewa. Lakini akifungua kamusi ya Kiingereza huona maneno mengi mno, kama "sad", "gloomy", "grief", "dismal", "melancholy", "depressed" na mengineyo, na karibu yote yamefasiriwa kwa neno lile lile la huzuni. Mwisho auliza: "Je, Waingereza wana huzuni kutupita sisi, hata wakahitaji maneno yote haya? Nami nitajuaje neno la kulitumia?"

Kwanza namjibu kwamba sisi nasi hatukupungukiwa. Tunayo huzuni, na majonzi, na simanzi, na jitimai, na kihoro, na ukiwa, na masikitiko, na uchungu. Tena mtu aweza kusononeka, kujiinamia, au kushika tama asiseme neno lolote, nasi tukafahamu. Taabu haiko katika lugha, bali iko katika kamusi ndogo. Kamusi ndogo ni kama duka la vitambaa: humwonyesha mnunuzi rangi zote, lakini haimwambii kipi huvaliwa arusini na kipi hufaa matangani. Basi leo na tuvitazame vitambaa hivi kimoja kimoja, kwa maana atakayekosea aweza kuchekwa, na pengine, kama nitakavyoeleza, aweza kuleta madhara makubwa.

MOYO ULIOVUNJIKA

Nianze na kisa cha kuchekesha, kwa kuwa cha kusikitisha kitafuata. Rafiki yangu mmoja, karani hodari, alingoja mashine mpya ya kupiga chapa kwa muda wa miezi mitatu, na kila alipouliza aliambiwa asubiri. Hatimaye akamwandikia mkubwa wake wa kazi, ambaye alikuwa Mwingereza, barua fupi ya kusema kwamba yeye sasa yu "heart-broken", naye aomba msaada. Hakuitaja mashine, kwa kuwa walikuwa wamekwisha izungumza mara nyingi. Siku ya pili yake yule bwana alikuja mwenyewe mpaka mezani pake, akamwuliza kwa sauti ya chini kama angependa kupewa ruhusa ya siku chache aende nyumbani. Alidhani rafiki yangu amefiwa na mkewe.

Kosa lilikuwa wapi? Rafiki yangu alikuwa na maneno ya Kiswahili kichwani, "nimevunjika moyo", akayageuza neno kwa neno. Kwetu sisi aliyevunjika moyo ni mtu aliyepoteza bidii kwa jambo alilolitaka. Aweza kula, aweza kucheka na wenzake, ila hana hamu ya kujaribu tena. Kwa Kiingereza "heart-broken" ni mtu aliyepigwa na pigo kubwa la huzuni, kama mama aliyemzika mtoto wake, au kijana aliyeachwa na mchumba siku chache kabla ya arusi. Rafiki yangu alipaswa kusema "discouraged" au "disheartened". Na katika neno "discouraged" moyo umo pia, ingawa umejificha, maana "courage" yatokana na neno la Kilatini "cor", ambalo ndilo moyo.

Basi tukumbuke jambo hili tangu mwanzo: moyo wetu na moyo wao haufanyi kazi ile ile katika maneno. Nitarudi kwenye moyo huu baadaye.

HUZUNI YENYE SABABU

Ili tusichanganyikiwe, nitayagawa maneno haya katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la huzuni ambayo sababu yake yajulikana.

"Grief" ni huzuni ya kupotewa, na hasa ya kufiwa. Asili yake ni neno la Kilatini "gravis", maana yake "zito", nasi pia husema msiba mzito. Mtu aliyefiwa huitwa "bereaved", na neno hili latoka katika kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya kunyang'anya. Kwa hiyo Mwingereza akisema kwamba fulani ni "bereaved", asili ya maneno yake ni kwamba fulani amenyang'anywa. Sasa tazama neno letu la "kufiwa". Aliyekufa ni mwingine, lakini kitenzi chamshika aliye hai, kikaonyesha kwamba kifo kile kimemwangukia yeye. Lugha hizi mbili hazina undugu wowote, hata hivyo zimekubaliana kwamba mwenye msiba ni mtu aliyetendwa jambo, wala hakulitenda. Ndiyo maana watu hutoka kwao wakaenda kumpa pole.

Na tukisema pole, mara twakutana na "sorry". Neno hili lafanana na "sorrow", lakini asili zake ni mbalimbali. "Sorry" ni jamaa ya "sore", maana yake penye maumivu, kama kidonda. Sisi wa Afrika ya Mashariki hulitwisha neno hili kazi yote ya "pole": mtu akijikwaa njiani twamwambia "sorry", ingawa hatukumsukuma. Mwingereza asiyetuzoea huweza kujibu kwamba kosa si letu, kwa kuwa masikioni mwake, mara nyingi, neno hilo ni la kuomba radhi. Lakini katika msiba lafaa kabisa. Ukimwandikia mtu aliyefiwa na baba yake, yatosha kusema, "I was very sorry to hear of the death of your father." Usiandike kwamba wewe ni "depressed" kwa habari ile. Neno hilo lina kazi yake nyingine, nasi tutalifikia.

"Regret" makarani wote walijua, kwa sababu ndilo linalofungua barua za kukataa maombi: "I regret to inform you." Zamani, katika Kifaransa cha kale, lilikuwa neno la kuomboleza, hata la kumlilia maiti. Lakini limekaa ofisini muda mrefu, na machozi yake yamekauka. Mkulima anayepokea barua yenye kuanza hivyo, kuhusu mkopo au mpaka wa shamba, asidhani kwamba aliyeiandika alikosa usingizi.

"Disappointed" ni mtu aliyetazamia jambo asilipate. Asili yake itawapendeza makarani: hapo kwanza kitenzi chake kilikuwa na maana ya kumwondoa mtu katika kazi aliyowekwa. Leo hutumika kwa kila tazamio lililoanguka: mbolea haikufika kabla ya mvua, bei ya mazao ilikuwa ndogo, kijana hakufaulu mtihani. Lakini angalieni, Waingereza wengi huzificha hasira zao ndani ya neno hili. Mkubwa wako akikuandikia kwamba yu "disappointed" kwa kazi yako, usifurahi kwamba hakutukana. Huenda amekasirika sana.

Neno moja zaidi katika fungu hili ni la kuogopwa. Makarani wa zamani walipenda kuandika juu ya "my pathetic condition", wakikusudia hali yao ya kutia huruma. Ndivyo lilivyotumika zamani, na kamusi nyingi bado zatoa maana hiyo. Siku hizi, hata hivyo, katika mazungumzo ya Waingereza, "pathetic" mara nyingi ni neno la dharau, yaani kitu hafifu kisichofaa. Anayeliandika juu yake mwenyewe ajitukana bila kujua.

HUZUNI YA HALI YA MOYO

Fungu la pili ni la maneno yanayoonyesha jinsi moyo ulivyo, bila kutaja sababu.

"Sad" ndilo neno la kawaida, nalo ni kama jembe, lafaa shamba lolote. Lakini habari yake ni ya ajabu. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya "aliyeshiba"! Ni jamaa ya neno la Kijerumani "satt", ambalo mpaka leo ni kushiba, na pia ya neno la Kilatini lililozaa "satisfied", yaani aliyeridhika. Shibe iligeukaje huzuni? Kwanza lilikuwa kushiba, kisha kuchoka na kulemewa na kitu, kisha kuwa mtu mzito asiyecheka ovyo, na mwisho kuhuzunika. Msomaji wa Kiswahili asishangae sana, kwa maana nasi tunalo neno "kukinai". Aliyekinai huwa ametosheka, na huwa pia amechoshwa na kitu hata hakitaki tena. Shibe na uchovu ni majirani katika lugha nyingi.

"Gloomy" ni mwanga hafifu, kama chumba kisicho na dirisha au mchana wa mawingu mazito. Nyumba yaweza kuwa "gloomy", habari zaweza kuwa "gloomy", na mtu vilevile.

"Dismal" latoka katika maneno mawili ya Kilatini, "dies mali", yaani siku mbaya. Katika kalenda za Ulaya za karne za kati ziliandikwa siku mbili za nuksi kwa kila mwezi, jumla siku 24 kwa mwaka, na watu waliambiwa wasianze safari wala kazi kubwa siku hizo. Sisi tunaosikia wazee wakizungumza juu ya siku za kisirani hatuna haki ya kuwacheka. Leo neno hili hutumika zaidi kwa mambo kuliko kwa watu, kama vile hali ya hewa au matokeo ya mtihani.

"Crestfallen" litawafaa wafuga kuku. "Crest" ni kile kilemba chekundu cha nyama kichwani mwa jogoo. Jogoo aliyeshindwa hurudi kichwa chini na kilemba kimelala, na hivyo ndivyo alivyo mtu aliyejigamba mbele ya watu kisha akashindwa. Huzuni yake ina aibu ndani yake.

"Down in the dumps" ni maneno ya mazungumzo tu. Yasiandikwe katika barua ya serikali. Tena wengi hudhani kwamba yahusu jaa la takataka. Sivyo. "Dumps" kwa maana ya huzuni lilikuwako tangu siku za Shakespeare, kabla "dump" halijawa jina la mahali pa kutupa taka.

"In the doldrums" ni hali ya kulegea, mtu asiende mbele wala nyuma. Mabaharia wa Ulaya waliipa jina hilo sehemu ya bahari karibu na Ikweta ambako upepo hufa, na jahazi hukaa siku nyingi tanga likining'inia. Manahodha wa pwani yetu, wanaojua majira ya tangambili upepo wa Kaskazi ukiwa umekwisha na wa Kusi haujaanza, hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Biashara pia yaweza kuwa katika "doldrums", yaani wanunuzi hawaji.

Na "the blues"? Katika karne ya 18 Waingereza waliokuwa na moyo mzito walisema kwamba wamejiwa na mashetani wa buluu, na mashetani walipoondoka katika msemo ilibaki rangi tu. Huko Marekani watu wenye asili ya Afrika, wajukuu wa watumwa, waliufanya uchungu wao kuwa muziki, na muziki huo ukachukua jina hilo. W. C. Handy alichapisha "Memphis Blues" mwaka 1912, na mwaka 1920 Mamie Smith aliimba "Crazy Blues" katika santuri iliyonunuliwa na watu wengi sana. Kwa hiyo neno hili lilitoka kinywani mwa Waingereza, likaenda kwa watu waliokuwa na sababu kubwa zaidi ya kulitumia, nao wakalipa heshima.

NYONGO NYEUSI NA MBWA MWEUSI

Sasa tumefika fungu la tatu, ambalo ni la huzuni iliyo ugonjwa, na hapa naomba msomaji asome polepole.

Waganga wa Kiyunani wa zamani, wafuasi wa Hippocrates, walifundisha kwamba mwili una maji ya namna nne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Nyongo nyeusi ikizidi, walisema, mtu huingiwa na woga na huzuni ya muda mrefu. Kwa lugha yao "melas" ni nyeusi na "khole" ni nyongo, na ndipo likatoka neno "melancholy". Sasa twajua kwamba nyongo hiyo nyeusi haikuwako. Lakini waganga wale waliliona jambo moja kwa macho safi: kwamba iko huzuni isiyolingana na sababu yake, nayo yahitaji mganga.

Mwaka 1621 kasisi mmoja wa Oxford, Robert Burton, alitoa kitabu kikubwa juu ya "melancholy". Yeye mwenyewe aliugua hali hiyo, akakiri kwamba aliandika ili awe na shughuli asizidiwe nayo. Alikiongeza kitabu hicho chapa baada ya chapa mpaka alipofariki mwaka 1640.

Mwingine ni Daktari Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake maarufu ya Kiingereza huko London mwaka 1755. Mtu huyu aliyafafanua maelfu ya maneno, lakini moyo wake mwenyewe ulimlemea mara kwa mara tangu ujana, naye aliogopa kwamba angepotewa na akili. Katika barua zake za uzeeni aliita hali hiyo mbwa mweusi. Baadaye Winston Churchill, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza wakati wa vita vya 1939 hadi 1945, alitumia jina hilo hilo kwa nyakati zake za giza. Nawataja watu hawa kwa sababu mmoja. Wapo wasemao kwamba ugonjwa huu ni wa wavivu, au wa watu dhaifu. Johnson hakuwa mvivu, wala Churchill hakuwa dhaifu.

Siku hizi "melancholy" limekuwa neno laini. Waingereza hulitumia kwa huzuni ya utulivu, kama ile ya jioni ya mvua au ya wimbo wa zamani, na pengine huwa na utamu kidogo. Kazi yake ya hospitali imechukuliwa na neno jingine, nalo ni "depression".

NENO LENYE KAZI TATU

"Depression" latokana na Kilatini, maana yake kushindilia chini. Lina kazi tatu ambazo karani hana budi kuzitenga. Katika habari za hewa, ni mahali ambapo mgandamizo wa hewa umepungua, na mara nyingi huleta upepo na mvua. Katika uchumi, ni mdororo mkubwa wa biashara, kama ule ulioanza mwaka 1929, wakati bei za kahawa, mahindi na mkonge zilipoanguka na wakulima wa Kenya wakaumia. Katika udaktari, ni ugonjwa. Wataalamu wa Kiswahili wengine huuita sonona, wengine unyogovu.

Dalili zake zajulikana. Mtu huwa na huzuni, au hukosa kabisa hamu na furaha ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, kwa muda usiopungua majuma mawili. Pamoja na hayo, usingizi hupotea au huzidi, chakula hakina ladha, nguvu hupungua, akili haitulii juu ya kazi, mtu hujiona hana thamani, na pengine huwaza kwamba heri afe. Huu si uvivu, wala si laana, wala si upungufu wa imani. Ni ugonjwa wenye matibabu, ya mazungumzo na ya dawa.

Kwa hiyo yafaa tujihadhari pande mbili. Asiyepata tikiti ya mpira asiseme yu "depressed", maana neno likitumiwa kwa kila kitu, siku litakapohitajika halitasikika. Na aliye mgonjwa kweli asijifiche nyuma ya "a bit tired", yaani amechoka kidogo.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nilisema nitarudi kwenye moyo. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya ukarani katika hospitali moja, ambayo sitaitaja. Daktari hakujua Kiswahili, nami niliitwa kuwa mkalimani. Siku moja aliingia mkulima mmoja mzee, mtu wa heshima, akaniambia, "Mwanangu, mwambie daktari moyo wangu ni mzito, waniuma, na usiku silali." Nami, kwa kujivunia Kiingereza changu, nikageuza neno kwa neno: kwamba mzee ana maumivu ya moyo na halali. Daktari akampima kifua kwa uangalifu, akaona moyo wapiga vizuri, akampa vidonge vya maumivu. Mzee akashukuru, akaenda zake.

Alirudi mara ya pili, amekonda. Nikasema maneno yale yale, akapewa vidonge vile vile. Mara ya tatu alikuja akishikwa mkono na binti yake. Mwuguzi mmoja, mama wa makamo, alikuwa akipita, akasimama kumsikiliza. Akaketi karibu naye, akamwuliza, "Baba, moyo huu unaokuuma ni ule wa kifuani, au ni ule wa mawazo?"

Yule mzee akalia mbele yetu sote. Mkewe alikuwa amefariki mwaka mmoja uliopita. Tangu hapo hakuingia shambani ila kwa kulazimishwa, magugu yalikuwa yamepanda mpaka mlangoni, na binti yake alikuwa ameificha kamba ya ng'ombe kwa sababu ambayo hapana haja ya kuieleza. Mama yule akamweleza daktari kwa Kiingereza cha maneno machache kuliko yangu, lakini yalikuwa ndiyo. Matibabu yakabadilishwa siku ile ile. Mzee alipona polepole, akarudi shambani kwake, na mimi alinisamehe. Lakini mimi sijasahau kwamba kwa ziara mbili neno lake lilipita kinywani mwangu likatoka limekuwa jingine, na kwamba huenda asingaliweza kuja mara ya tatu.

Huko Zimbabwe Daktari Dixon Chibanda aliliona jambo hili kwa upana zaidi. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, alianza kuwafundisha akina nyanya kukaa kwenye benchi karibu na kliniki na kuwasikiliza wenye taabu za moyo. Hawakuanza na neno "depression". Walitumia neno la Kishona "kufungisisa", ambalo maana yake ni kufikiri kupita kiasi, karibu na vile sisi tunavyosema kwamba fulani ana mawazo mengi. Watu walilijua neno hilo, hawakulionea haya, wakaja wakaketi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosaidiwa kwenye benchi walipungukiwa na dalili kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida.

SHAURI LA MWISHO

Basi, ndugu karani uliyeniandikia, jibu langu ni hili. Waingereza hawana huzuni kutupita. Maneno yao ni mengi kwa sababu huzuni zenyewe ni mbalimbali, na kabla hujachagua neno jiulize maswali matatu. Je, huzuni hii ina sababu inayojulikana? Ikiwa ni kifo, tumia "grief". Ikiwa ni tazamio lililoanguka, tumia "disappointed". Ikiwa umechoka kujaribu, tumia "discouraged". Je, ni hali ya moyo ya siku moja mbili? Tumia "sad", au "low", au moja katika yale ya fungu la pili. Je, imekaa majuma, imekunyima usingizi na kazi, wala haiondoki hata mambo yakiwa mema? Hapo usitafute neno zuri. Nenda kwa daktari, ueleze mambo kama yalivyo: umelala saa ngapi, umekula nini, tangu lini, unawaza nini. Na kama Kiingereza chako hakitoshi, sema kwa lugha ya mama yako, umwombe mkalimani aulize kabla ya kugeuza.

Nanyi mnaowafasiria wengine, hospitalini, mahakamani au ofisini, msione haya kumwuliza mzee maana ya neno lake. Haya yangu ya ujana, ya kutotaka kuonekana sijui, nusura imuue mtu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza kwamba maradhi huweza kufichwa hata katikati ya mazungumzo, ikiwa hapana mtu aliyeuliza vema.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutatazama maneno ya Kiingereza ya hasira. Wenye maswali na waandike. Kwaherini.